Althea na Mashimelo: Jina Moja la Kiingereza, Vitu Viwili vya Kiswahili

Mfasiri anapewa karatasi ya maelezo ya dawa ya maji ya kikohozi iliyotengenezwa Ulaya. Katika mstari wa viambato umetajwa mzizi wa mmea ambao Waingereza huuita "marshmallow". Mfasiri analijua neno hilo. Ameliona madukani juu ya mifuko ya peremende nyeupe na za waridi, nyepesi kama pamba, na amesikia watoto wakiziita mashimelo. Bila kusita anaandika: "mzizi wa mashimelo". Kisarufi sentensi haina kasoro, na mhariri asiye na haraka ya kushuku ataipitisha. Lakini msomaji aliyekusudiwa, tuseme mama mwenye mtoto anayekohoa usiku kucha, ameelezwa jambo ambalo mtengenezaji wa dawa hakulisema: kwamba peremende ile ina mzizi ndani yake, na kwamba mzizi huo hutuliza kifua. Akienda dukani akarudi na mfuko wa mashimelo badala ya dawa, hatakuwa amesoma vibaya. Amesoma kilichoandikwa.

Kosa la namna hii halimdhuru mfukoni tu. Mashimelo hunata mate yakiigusa, nayo hutajwa mara kwa mara miongoni mwa vyakula vinavyoweza kumpalia mtoto mdogo. Aidha, haina hata chembe ya mmea uliotajwa katika karatasi ile. Kiingereza kimebaki na jina moja kwa vitu viwili vilivyoachana zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na mzigo wa kuvitenganisha humwangukia anayefasiri.

Mmea wenyewe

Mmea unaohusika hujulikana na wataalamu wa mimea kwa jina la Althaea officinalis, jina lililochapishwa na Carl Linnaeus mwaka 1753. Ni mmea wa kudumu: shina hufa majira ya baridi, kisha mzizi huchipua upya. Hufikia kimo cha mita 1 hadi 1.5, majani yake yana rangi ya kijani kilichofifia na yamefunikwa na manyoya laini kama mahameli, na maua yake yana petali tano za rangi nyeupe au waridi hafifu. Asili yake ni Ulaya, Asia ya Magharibi na Afrika ya Kaskazini, na hupenda ardhi yenye maji, hasa vinamasi vya chumvi karibu na bahari. Baadaye ulipelekwa Amerika ya Kaskazini. Afrika Mashariki si kwao, na ndiyo sababu Kiswahili hakikuurithi pamoja na jina lake kutoka kwa wazee wa dawa.

Jina la Kiingereza ni maelezo ya makazi tu. Sehemu ya kwanza ina maana ya kinamasi; ya pili ilitoka katika neno la Kilatini malva, linalotaja kundi la mimea ya jamii hiyo. Jina la kisayansi lina mengi zaidi ya kusema. Althaea linatokana na kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kuponya, nalo officinalis linatokana na officina, chumba cha kuhifadhia na kutayarishia dawa. Kivumishi hicho ni muhuri wa waganga wa zamani wa Ulaya, na msomaji wa Kiswahili amekwisha kukutana nacho pengine: tangawizi ni Zingiber officinale.

Anayetaka kuelewa nguvu ya mmea huu hana haja ya kuanzia Ulaya. Na aanzie jikoni. Akate bamia, atazame ute unaofuata kisu. Achemshe mlenda, au mrenda kama waitavyo wengi wa magharibi mwa Kenya, auinue kwa kijiko na kuona unavyovutika. Bamia, mlenda na althea ni wa familia moja, Malvaceae, na ute ndio alama ya ukoo wao. Kwa uainishaji wa sasa familia hiyo ina jamaa wengi wanaofahamika vyema katika Kiswahili: pamba, choya, msufi, kakao na hata mbuyu. Mwalimu anayefundisha msamiati wa mimea akiuweka mmea huu wa kigeni karibu na bamia atakuwa amefanya kazi kubwa zaidi kuliko fasili ya mistari mitano.

Kuna sadfa moja ya kupendeza hapa. Neno la Kiswahili kinamasi lina maana mbili: ardhi ya tope yenye maji, na ute mzito unaoteleza, kama ule wa bamia. Mmea huota katika kinamasi na kutoa kinamasi. Kiingereza hakingeweza kulisema hilo kwa neno moja.

Dawa, na vitenzi vyake

Mzizi huchimbwa majira ya vuli, wakati ute umejikusanya kwa wingi, humenywa ganda, hukatwa na kukaushwa. Ute huo ni mchanganyiko wa polisakaridi, yaani minyororo mirefu ya molekuli za sukari ambayo hufyonza maji, huvimba na kutandaza utando mwembamba juu ya ngozi laini ya kinywa, koo na tumbo. Utando huo hauui vijidudu. Hulifunika koo lililochubuka ili lisisumbuliwe na kila pumzi, na msukumo wa kukohoa hupungua. Mzizi hulowekwa katika maji baridi kwa saa kadhaa, kwa sababu maji ya moto huyeyusha pia wanga uliomo ndani yake na kugeuza kinywaji kuwa uji. Maelezo haya ya "maji baridi" hupotea mara nyingi katika tafsiri, kwani mfasiri aliyezoea chai ya mitishamba huandika "chemsha" kwa mazoea.

Historia ya matumizi yake ni ndefu. Dioscorides, tabibu wa Kigiriki wa karne ya 1, aliuandika katika kitabu chake cha dawa. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliutaja katika al-Qanun kwa jina la Kiarabu, khitmi. Ufaransa, vipande vya mzizi uliokaushwa vilipewa watoto wachanga wavitafune wakati wa kuota meno.

Lakini umri wa matumizi si ushahidi wa tiba, na hapa ndipo mfasiri anapopaswa kuvipima vitenzi vyake kwa mizani ya dhahabu. Shirika la Dawa la Ulaya linautambua mzizi wa althea kwa matumizi ya kimapokeo tu: kutuliza muwasho wa kinywa au koo pamoja na kikohozi kikavu kinachoambatana nao, na kutuliza usumbufu mdogo wa tumbo. "Kimapokeo" katika sheria za Umoja wa Ulaya ni istilahi yenye mipaka: dawa iwe imetumika kwa angalau miaka 30, na kati ya hiyo miaka 15 ndani ya Umoja huo. Kuitafsiri kwa "dawa ya kienyeji" ni kumhamisha msomaji kutoka kwenye rafu ya duka la dawa hadi kwenye mkeka wa mganga. "Dawa ya asili" nayo inaelekea upande wa kilicho cha maumbile, na hilo silo linalosemwa. Kinachosemwa ni kwamba kibali kimetolewa kwa kutegemea desturi ndefu, bila majaribio makubwa ya kitabibu.

Kiswahili kina safu nzuri ya vitenzi katika uwanja huu, na kila kimoja kina ahadi yake. Kutuliza ni kupunguza ukali wa kitu bila kudai kukimaliza. Kutibu ni kushughulikia ugonjwa kwa njia ya dawa. Matokeo hayajasemwa, lakini matumaini yamewekwa. Kuponya ni kumaliza. Kuzuia ni kuja kabla. Karatasi ya asili ikisema dawa hutuliza, tafsiri inayosema "hutibu kikohozi" imepandisha daraja ambalo hakuna aliyelitoa. Tafsiri inayosema "huponya kikohozi" imetunga.

Tofauti hii ina uzito wa pekee Afrika Mashariki. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi ni dalili inayomtaka mtu aende kupimwa kifua kikuu. Aliyeambiwa kwamba chupa yake "inaponya kikohozi" ana sababu ya kungoja wiki ya tatu na ya nne, akimaliza chupa moja na kununua nyingine. Aliyeambiwa kwamba "inatuliza koo" anajua kwamba chanzo cha kikohozi bado hakijaguswa. Sentensi inayofaa inaweza kuwa hivi: "Dawa hii hutumika kimapokeo kutuliza koo linalowasha na kikohozi kikavu kinachotokana na muwasho huo." Neno "kikavu" lisiachwe, kwani kikohozi chenye makohozi ni jambo jingine.

Onyo moja zaidi huonekana katika karatasi nyingi za dawa hii, nalo hufasiriwa kwa uvivu. Kwa kuwa ute hufunika kuta za tumbo, unaweza kuchelewesha kufyonzwa kwa dawa nyingine. Ndiyo maana inashauriwa kuacha nusu saa hadi saa moja kati ya althea na dawa nyingine yoyote. "Usichanganye na dawa nyingine" haitoshi: msomaji ataelewa kwamba asizimimine katika kikombe kimoja, na atazinywa zikifuatana.

Peremende iliyouacha mzizi wake

Mmea ulipataje kuwa kitu cha watoto? Kiungo kilikuwa Ufaransa, katika karne ya 19, mahali ambapo duka la dawa na duka la vitamutamu hayakuwa mbali. Mmea huo kwa Kifaransa huitwa guimauve. Watengenezaji walichukua ute wa mzizi, wakauchanganya na sukari na ute wa mayai, wakaupiga hadi ukajaa hewa, wakapata kitu laini kilichouzwa kama kitulizo cha koo na kama anasa kwa pamoja. Kazi ilikuwa ya mikono na ya polepole. Kadiri karne ilivyosogea, mzizi ulibadilishwa kwa jelatini, iliyokuwa rahisi kupatikana na yenye kushika hewa bila taabu, na mchanganyiko ukamiminwa katika matundu yaliyochongwa ndani ya sinia za wanga wa mahindi. Katikati ya karne ya 20, nchini Marekani, Alex Doumak alibuni mtambo wa kuusukuma mchanganyiko kupitia mabomba na kuukata vipandevipande, na tangu hapo mashimelo ikawa mcheduara mdogo tunaoufahamu.

Mashimelo ya leo ni sukari, shira ya mahindi, maji, jelatini, vanila, na hewa nyingi. Althea haimo. Mwaka 1927 chama cha wasichana maskauti cha Marekani kilichapisha maelekezo ya kitafunio cha kambini: mashimelo iliyochomwa motoni, ikabanwa pamoja na chokoleti kati ya biskuti mbili. Mwanafunzi wa botania atatabasamu: katika kitafunio hicho ukoo wa Malvaceae umo kweli, lakini umeletwa na kakao ya chokoleti, wala si na peremende yenye jina lake.

Lugha mbalimbali zimelitatua tatizo hili kwa njia zisizofanana. Kifaransa kimeng'ang'ania jina la mmea kwa vyote viwili, kwa kuwa ndicho kilichoanzisha peremende yenyewe. Kijerumani kinauita mmea Eibisch na kimekopa neno la Kiingereza kwa peremende, hivyo Mjerumani hawezi kuchanganya. Nchini Hispania peremende huitwa nube, yaani wingu, ilhali Meksiko neno malvavisco bado hubeba mmea na peremende. Waarabu husema khitmi kwa mmea, na kwa peremende hutumia ama jina la Kiingereza lililoarabishwa ama "halwa ya khitmi", ambayo inarudisha mkanganyiko uleule kwa mlango wa nyuma. Kati ya hizi, njia ya Kijerumani ndiyo inayoifaa Kiswahili, na si kwa sababu ya Wajerumani.

Kiswahili kiliwahi kulifanya jambo hili chenyewe. Neno peremende lilitokana na jina la Kiingereza la aina ya nanaa na pipi zilizotiwa ladha yake. Leo peremende ni pipi yoyote: ya machungwa, ya maziwa, ya kahawa. Mmea umetoweka kabisa katika neno hilo, na hakuna aliyedhurika, kwa sababu mmea wenyewe ulikuwa na jina jingine, nanaa. Anayetaka majani ya kutia katika chai haombi peremende. Neno la mkopo lilikwenda na kitu cha dukani. Jina la zamani likabaki na mmea.

Sababu ya pili ni ya kina zaidi, nayo imo katika ngeli. Kiswahili huonyesha uhusiano wa mmea na zao lake kwa umbo la neno: mnazi huzaa nazi, mkwaju huzaa ukwaju, mlozi huzaa lozi, mbuyu huzaa ubuyu. Mzungumzaji akisikia jozi ya namna hiyo huamini, bila kufikiri, kwamba kimoja kimetoka kwa kingine. Ndiyo maana kishawishi cha kubuni "mmashimelo" kwa ajili ya mmea kinapaswa kupingwa. Umbo hilo lingetangaza kwamba mashimelo ni tunda au zao la mti fulani, na lingelitangaza kwa sauti kubwa kuliko Kiingereza chenyewe, ambacho wazungumzaji wake wengi hawajui hata kwamba kuna mmea.

Tazama tofauti na ubuyu. Watoto wa Mombasa na Unguja hununua ubuyu uliopikwa kwa sukari, ukatiwa rangi nyekundu, iliki na pengine pilipili. Hicho ni kitamutamu, na jina lake ni la zao la mti. Lakini mtoto akimaliza kuunyonya unga wake, mbegu ya mbuyu inabaki ulimini. Hapo ngeli imesema kweli. Mbuyu na althea ni jamaa wa ukoo mmoja, na vitamutamu vyao vimekwenda njia mbili tofauti kabisa.

Kuhusu umbo la mkopo

Mashimelo huandikwa kwa namna nyingi: mashmelo, mashimalo, mashmalo, mashimelo. Lugha ya kawaida inaelekea kwenye irabu baada ya "sh", kama ilivyo katika brashi, na hivyo "mashi-" ni bora kuliko "mash-". Kuhusu silabi inayofuata, sauti ya Kiingereza iliyopo hapo mara nyingi hugeuka e katika mikopo ya Kiswahili: benki, begi, gesi, jeki. Zipo zilizochukua a, kama jaketi, lakini "mashimelo" ina nguvu zaidi katika matamshi ya watu, na pia inaepuka kumkumbusha msomaji mashimo.

Ngeli ni suala la kufurahisha. Majina ya mkopo ya vitamutamu na vitafunio huingia katika ngeli ya i-/zi-: chokoleti hii, keki hizi, peremende mbili. Kwa kanuni hiyo tunapata "mashimelo hii imeyeyuka" na "mashimelo hizi zimeyeyuka". Hata hivyo neno linaanza na ma-, na Kiswahili kina sikio kali kwa viambishi. Neno la Kiingereza la bamba la kuzuia tope la gurudumu lilipoingia kama madigadi, watu walilisikia kuwa ni wingi, wakatengeneza umoja: digadi. Njia ya mzunguko ya barabarani ikawa kiplefti, wingi viplefti. Kwa mantiki hiyo hiyo "shimelo moja, mashimelo mengi" inaweza kusikika, hasa kwa watoto, na haitakuwa dhambi. Ni sarufi ikifanya kazi yake. Kwa maandishi rasmi i-/zi- inabaki kuwa chaguo salama, na mwalimu amsahihishe mwanafunzi anayechanganya mifumo miwili katika sentensi moja kabla ya kumsahihisha aliyeshika mmoja wao.

Kuhusu jina la mmea

Kwa mmea, wazo la kwanza la wengi litakuwa kulichukua jina la Kiarabu, kwa kuwa ndilo lililowahi kupita katika vitabu vya tiba vya Waislamu, na Waswahili waishio Omani na nchi za Ghuba wanaweza kukutana nalo katika maduka ya dawa za mitishamba. Pingamizi ni la kifonolojia. Khitmi kwa Kiarabu huandikwa kwa herufi ط, t nzito, ambayo Kiswahili hakiitofautishi na t ya kawaida. Likiswahilishwa litakuwa "hitimi" au "khitimi", na hapo litajikuta mlangoni mwa hitima, kisomo cha kumwombea marehemu, na kitenzi hitimu, ambavyo kwa Kiarabu vina ت na ni vya mzizi mwingine kabisa. Dawa ya mgonjwa haifai kumkumbusha msomaji matanga.

Kufasiri kimaneno, kwa mfano "malva ya kinamasi", kunaeleweka lakini kunamwacha msomaji na neno moja asilolijua na jingine lisilomsaidia kununua kitu. Pendekezo lenye manufaa ni althea, kutokana na jina la kisayansi. Kiswahili kina "th" tayari katika thamani na methali, na mfuatano wa l na konsonanti nyingine si mgeni: almasi, alfajiri, elfu. Tahadhari ni moja: katika biashara ya maua, jina hilo wakati mwingine hupewa Hibiscus syriacus, mti mdogo wa mapambo wa familia hiyohiyo. Kwa hiyo katika maandishi ya tiba jina kamili la kisayansi lifuate mara ya kwanza althea inapotajwa. Vidahizo viwili vinaweza kuandikwa hivi:

althea nm [i-/zi-] mmea wa kudumu wa jamii ya bamia, Althaea officinalis, wenye majani ya manyoya laini na maua ya waridi hafifu. Mzizi wake hutoa ute unaotumika kutuliza koo na tumbo.

mashimelo nm [i-/zi-] peremende laini na nyepesi inayotengenezwa kwa sukari na jelatini iliyopigwa hadi ikajaa hewa.

Fasili ya pili imetaja jelatini kwa makusudi. Jelatini hutengenezwa kwa ngozi na mifupa ya wanyama, mara nyingi nguruwe au ng'ombe, nayo ni habari ambayo Mwislamu, Mhindu na asiyekula nyama wana haki ya kuipata katika lugha yao. Lebo inayotaja jelatini ya nguruwe ifasiriwe hivyo hivyo, "jelatini ya nguruwe", bila kufupishwa kuwa "jelatini" wala kupambwa kuwa "kiini cha kugandisha". Zipo mashimelo za jelatini ya ng'ombe au ya samaki, na zipo zisizo na jelatini kabisa, ambazo hutumia vigandishi vya mimea. Kimojawapo ni karajinani, ambayo hutokana na mwani wa aina zinazolimwa Unguja na Pemba. Mfasiri wa lebo ya namna hiyo aandike wazi kwamba imetokana na mwani. Mkulima wa Paje atajua kinachozungumzwa.

Mashimelo darasani

Walimu na wanafunzi wa elimu hukutana na neno hili mahali pengine pasipo duka wala dawa: katika vitabu vya saikolojia. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, Walter Mischel na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwapa watoto wa shule ya awali chaguo: kula kitamutamu kimoja sasa, au kungoja mtafiti arudi na kupata viwili. Jaribio hilo limepewa jina la mashimelo, ingawa watoto wengine waliwekewa biskuti. Matokeo ya baadaye, yaliyodai kwamba waliongoja walifanikiwa zaidi shuleni, yalivuma duniani. Mwaka 2018 Tyler Watts, Greg Duncan na Haonan Quan walilirudia swali hilo kwa watoto wengi zaidi wa hali mbalimbali, wakakuta uhusiano huo ni dhaifu sana hali ya familia inapozingatiwa.

Je, mfasiri abakize mashimelo mbele ya mwanafunzi ambaye pengine hajawahi kuionja? Watafiti wenyewe wametoa jibu. Bettina Lamm na wenzake walipolipeleka jaribio hilo kwa watoto wa Wanso wa Kamerun, hawakubeba mashimelo. Waliwawekea watoto kitumbua cha ngano cha kukaangwa kinacholiwa huko, jamaa wa kalimati na mandazi, kwa sababu jaribio hupima uwezo wa kungoja kile ambacho mtoto anakitamani, na mtoto hatamani asichokijua. Wanso wengi zaidi walingoja kuliko watoto wa Kijerumani waliolinganishwa nao.

Hapa, basi, kuna nafasi ambayo karatasi ya dawa haina. Jina la jaribio libaki "jaribio la mashimelo", kwani ndilo litakalomwezesha mwanafunzi kulitafuta, na maelezo mafupi, "peremende laini ya sukari", yawekwe mara moja tu. Mwalimu anayetaka kuliigiza darasani atumie kashata au kalimati bila woga. Lakini anayesimulia kilichofanyika Stanford asiwape watoto wale kashata; aandike: "Mtoto aliwekewa mashimelo moja, akaahidiwa ya pili iwapo angengoja."